Sindano za Vitamini kwa Mgonjwa wa Kansa ya Mapafu: Je, Zinafaa?



Katika maduka ya dawa ya miji yetu, na hata katika vijiji vyenye duka moja tu, hakuna sindano inayopendwa kama ile nyekundu. Hiyo ni vitamini B12. Kwa kuwa rangi yake ni ya damu, watu husadiki kwamba inaongeza damu. Mtu akikonda, sindano nyekundu. Akichoka, sindano nyekundu. Nyayo zikiwaka moto, sindano nyekundu. Siku hizi imepata mwenzake, yaani dripu ya vitamini: chupa ya maji iliyotiwa vitamini C na mchanganyiko wa vitamini B, hata maji yakawa ya njano kama juisi ya pasheni. Mgonjwa hulazwa kitandani kwake nyumbani, chupa hutundikwa kwenye msumari wa dirisha, na jamaa huketi kuangalia matone yakishuka.

Kama ingekuwa ni mtu mwenye afya yake anayepoteza fedha zake mwenyewe, nisingeandika. Ninaandika kwa ajili ya wagonjwa wa kansa ya mapafu, ambao katika miaka hii ninawaona wakifika wodini wakiwa na alama za sindano mikono yote miwili, na mfukoni hawana nauli ya kwendea hospitali ya rufaa. Maoni yangu nayasema wazi tangu mwanzo: sindano na dripu za vitamini haziponyi kansa ya mapafu, haziipunguzi, na kwa wagonjwa wengine zinaleta madhara. Ipo sehemu moja ambapo sindano ya B12 ina kazi kubwa katika ugonjwa huu, nayo nitaieleza, kwa sababu wachache wanaijua.

Mwaka jana tulimpokea mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, aliyevuta sigara tangu ujana wake. Alikuwa amekohoa miezi minane. Alishatumia dawa za kifua kikuu hadi akamaliza, ingawa makohozi yake hayakuonyesha vijidudu. Picha ya kifua ilionyesha uvimbe mkubwa upande wa kulia. Daktari aliyemwona kwanza alifanya vema: aliandika barua ya rufaa ili akakatwe kinyama kidogo kwenye uvimbe kikapimwe. Familia ikakaa kikao. Wakakubaliana kwamba mzee ni dhaifu, hawezi safari, basi kwanza apate nguvu. Akaletwa mtu mwenye mkoba, anayepita nyumba kwa nyumba, akaanza kumtundikia dripu za vitamini mara mbili kwa wiki. Wiki sita. Ng'ombe wawili waliuzwa. Walipomleta kwetu mzee hakuweza tena kulala chali, alikuwa analala amekaa, na barua ya rufaa bado ilikuwa imekunjwa ndani ya bahasha.

Binti yake aliniuliza, "Sasa mama, tungefanyaje? Baba alikuwa hali kitu. Tungemsafirishaje mtu asiye na nguvu?"

Swali hilo ni la haki, nalo ndilo shina la jambo lenyewe. Karibu kila familia huanza hivyo: kwanza apate nguvu, matibabu baadaye. Lakini mgonjwa wa kansa hakosi nguvu kwa sababu ya kukosa vitamini. Kansa yenyewe inageuza namna mwili unavyotumia chakula. Inamwondolea mtu hamu ya kula, na hata kile kidogo anachokula hakijengi mwili kama zamani, misuli inayeyuka. Ukimchoma vitamini zote zilizomo dukani, misuli hairudi. Ni sawa na kumwaga mbolea kwenye shamba ambalo panya wanakula mizizi. Njia ya kumpa mtu huyu nguvu ni kuushughulikia ugonjwa, na kadiri anavyosubiri, ndivyo nguvu ya kuvumilia matibabu inavyopungua. Kwa kansa kila wiki ni mali.

Sisemi kwamba mzee yule angepona kama angesafiri mapema. Kansa ya mapafu ni ugonjwa mkali, na wengi hugunduliwa ikiwa imekwisha kuenea. Lakini mionzi ingeweza kuusinyaza uvimbe na kumpunguzia maumivu na kutema damu. Maji yaliyojaa kuzunguka pafu yangeondolewa mapema, akalala chali kama watu. Wiki sita za kupumua vizuri, kwa mtu aliyebakiwa na miezi michache, si kitu kidogo.

Mtaniambia: "Lakini nesi, sisi tumeona kwa macho yetu. Mgonjwa alichomwa, kesho yake akaamka, akaomba ugali." Nami nakubali kwamba mmeona. Ila zipo sababu zake. Mgonjwa asiyekula wala kunywa mwili wake umekauka. Chupa moja ya maji, hata yasiyo na vitamini, itamchangamsha siku moja. Sababu ya pili ni mbaya zaidi. Baadhi ya wachomaji hao huchanganya deksamethasoni kwa siri. Dawa hii inaleta hamu ya kula na kumwinua mgonjwa kwa siku kadhaa au wiki kadhaa. Hata sisi hospitalini huitumia, kwa kipimo na kwa amri ya daktari. Lakini inapandisha sukari, inaficha homa, na kama mgonjwa ana kifua kikuu kilichojificha inaweza kukiamsha. Familia husifu vitamini, kumbe aliyefanya kazi ni mwingine. Na ule mkojo wa njano kali baada ya dripu, ambao watu husema ni uchafu wa ugonjwa unatoka, ni vitamini B2 mliyoinunua. Mwili umeikataa na kuitupa chooni.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 2.4 za B12 kwa siku. Kichupa kimoja cha sindano mara nyingi kina mikrogramu 1000, yaani mahitaji ya siku zaidi ya 400, ingawa sehemu kubwa hutoka na mkojo. Na ini la mtu huweka akiba ya vitamini hii ya kutosha miaka. Wapo wanaoihitaji kweli kwa sindano: waliokatwa tumbo la chakula, wale ambao matumbo yao hayawezi kuifyonza, na baadhi ya wenye kisukari waliotumia metformini miaka mingi. Hao hupimwa kwanza. Mzee wa kikohozi aliyekuwa anakula samaki na maziwa mpaka jana si mmoja wao.

Sasa madhara. La kwanza ni maji yenyewe. Dripu ikikimbizwa kwa mtu mwenye moyo dhaifu au mapafu yaliyokwisha kushambuliwa, maji hujaa kifuani, na mgonjwa huzama akiwa kitandani kwake. La pili ni vitamini C nyingi. Ikipita kiasi hugeuka kuwa chumvi zinazoganda katika figo, na figo zikiwa mbovu zinaweza kufa kabisa. Tena wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Katika sehemu zenye malaria, pamoja na pwani yetu, si haba, hasa wanaume. Hao wakipewa vitamini C nyingi kwa mshipa, chembe nyekundu za damu hupasuka, mkojo ukawa mweusi kama kokakola. Mwenye mkoba hapimi G6PD, wala hajui kama ipo. Vitamini B1 ikichomwa mshipani, mara chache sana, huleta mzio mkali wa kumwangusha mtu papo hapo. B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi ile ile ambayo watu walidhani wanaitibu. Sindano isiyo safi huleta majipu, homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Hayo mmekwisha kuyasikia kwetu mara nyingi.

Hapo kwenye B6 nisieleweke vibaya. Mgonjwa wa kifua kikuu anayepewa vidonge vya B6 pamoja na dawa zake aendelee kuvitumia. Hivyo ni vidogo, na vinamkinga na ganzi inayoletwa na isoniazidi.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawatalitegemea: vitamini nyingi zimewahi kuongeza kansa ya mapafu badala ya kuizuia. Huko Finland wanaume wavuta sigara 29,133 wenye umri wa miaka 50 hadi 69 waligawanywa kwa kura. Wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Watafiti walitumaini kuwakinga. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata kansa ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Marekani nako jaribio la watu 18,314, wavuta sigara na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto, liliwapa beta-karotini pamoja na vitamini A. Lilisimamishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya wakati wake, kwa kuwa waliopewa vitamini walikuwa wanaugua na kufa zaidi kuliko wenzao. Ni kweli hivyo vilikuwa vidonge, si sindano, na watu wale walikuwa hawajaugua bado. Lakini anayesema "vitamini haina madhara, hata kama haisaidii" na ajibu hayo kwanza. (Karoti za shambani kuleni bila hofu. Hakuna aliyedhurika kwa sahani ya karoti.)

Jina la Linus Pauling nalo hutajwa sana na wauzaji. Profesa huyo wa Marekani, aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia kwa mwaka 1954 na ya amani kwa mwaka 1962, alikuwa mtu mkubwa kweli. Yeye na daktari Ewan Cameron wa Uskoti waliandika mwaka 1976 kwamba wagonjwa 100 wa kansa waliokaribia mwisho, waliopewa vitamini C nyingi, kwanza kwa mshipa kisha kwa mdomo, waliishi muda mrefu zaidi kuliko wagonjwa 1000 waliochukuliwa kwenye mafaili. Kasoro ilikuwa hapo hapo kwenye mafaili: wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, basi huwezi kujua kama makundi mawili yalifanana tangu mwanzo. Madaktari wa Mayo Clinic walipogawanya kwa kura na kutoa gramu 10 kila siku kwa mdomo, mara mbili, matokeo yakatolewa mwaka 1979 na 1985: vitamini C haikuongeza hata kidogo. Wafuasi wa Pauling husema kwa mdomo si sawa na kwa mshipa, na hapo wana hoja, maana kwa mshipa kiasi kinachoingia katika damu ni kikubwa mno. Kwa hiyo utafiti umeendelea. Mwaka 2024 Wamarekani wa Iowa walitoa matokeo ya wagonjwa 34 wa kansa ya kongosho. Waliopewa vitamini C kwa mshipa pamoja na dawa za kansa waliishi zaidi kuliko waliopewa dawa za kansa peke yake. Hiyo ni habari ya kuifuatilia. Lakini ni watu 34, ni kongosho na si mapafu, dawa za kansa zilikuwapo, na figo na damu zao zilichunguzwa. Kutoka hapo hadi kwenye chupa inayoning'inia kwenye msumari ni safari ndefu.

Basi nije kwenye ile kazi halisi ya B12, ambayo naiona ni ya ajabu kweli. Mwaka 1948 daktari wa watoto huko Boston, Sidney Farber, aliandika juu ya watoto wenye kansa ya damu. Ilikuwa imeonekana kwamba watoto wa namna hiyo wakipewa asidi ya foliki, ambayo ni ndugu wa karibu wa B12, ugonjwa ulikuwa kama unakimbizwa. Farber akageuza fikra: ikiwa vitamini inailisha kansa, na tuinyime. Akatumia dawa inayozuia kazi ya asidi ya foliki. Kati ya watoto 16, 10 walipata nafuu, ingawa ya muda. Hapo ndipo ulipoanzia ukoo mzima wa dawa za kansa, na mmoja wa wajukuu wa ukoo huo ni pemetreksedi, inayotumika leo kwa aina fulani za kansa ya mapafu.

Pemetreksedi ilipojaribiwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wagonjwa wengine walikufa kwa ukali wa dawa yenyewe: uboho ulishindwa kutengeneza damu, midomo na matumbo yakawa vidonda. Watafiti walipochunguza waliona kwamba walioumia zaidi ni wale ambao miili yao ilikuwa na uhaba wa foliki na B12. Tangu hapo imekuwa sheria: kabla ya kuanza dawa hiyo mgonjwa huchomwa sindano moja ya B12, mikrogramu 1000, kwenye msuli, wiki moja kabla; kisha hurudiwa kila baada ya wiki tisa hivi, na kila siku humeza kidonge cha asidi ya foliki. Vifo vile vikapungua sana. Angalieni basi: sindano ile ile nyekundu. Haiui kansa. Inaukinga uboho na utumbo ili mgonjwa aweze kuvumilia dawa inayopigana na kansa. Kwa kipimo, kwa tarehe, na si dripu. Mgonjwa aliye katika matibabu haya akijiongezea vitamini zake za dukani bila kumwambia daktari anavuruga hesabu iliyopigwa kwa uangalifu.

Ndiyo maana nawasihi mnaochanga. Katika jumuiya zetu ndogondogo mtu akiugua watu huchanga, nalo ni jambo jema. Lakini mchango ukifika, ulizeni unakwenda wapi. Fedha za dripu chache ni nauli ya mgonjwa na msindikizaji kwenda Ocean Road huko Dar es Salaam, au Bugando kule Mwanza, au KCMC Moshi, kutegemea mnakaa wapi. Kikohozi kilichozidi wiki tatu na makohozi hayana vijidudu, au dawa za kifua kikuu zimekwisha na mtu bado anakonda, au anatema damu: huyo apigwe picha ya kifua, na picha ikionyesha uvimbe apelekwe akapimwe kinyama. Msimpe mwezi wa kupata nguvu.

Na kama matibabu ya kansa hayawezekani tena, bado fedha zina kazi. Ulizeni hospitali ya wilaya au ya rufaa juu ya maji ya morfini. Ni dawa ya kunywa, bei yake si kubwa, na kwa kansa ya mapafu inafanya kazi mbili: inatuliza maumivu na inapunguza ile hali ya kukosa pumzi. Haimwui mgonjwa wala haimfanyi mlevi ikitolewa kwa kipimo. Itamfungia choo, basi apewe na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na papai. Mgonjwa anayehema akalishwe amekaa, ameegemea mito, dirisha wazi, na mtu ampepee usoni. Kipepeo cha ukili kinatosha, hewa ikipiga mashavuni humpunguzia sana. Chakula kiwe kidogo mara nyingi: uji wa maziwa au wa karanga, yai, mtindi. Akikataa msimlazimishe na msimgombeze. Nimewaona wake na mabinti wakilia kwa sababu mgonjwa kaacha vijiko viwili vya uji, wakadhani hawampendi vya kutosha. Ni ugonjwa uliokataa, si yeye.

Wale wanaorudi kutoka hospitali za rufaa wakiwa kwenye pemetreksedi hawana haja ya kusafiri tena kwa ajili ya B12 peke yake, daktari wao akikubali. Mwombeni awaandikie barua yenye tarehe ya sindano ya mwisho na ya ile inayofuata. Leteni barua hiyo pamoja na daftari la matibabu kwenye hospitali iliyo karibu nanyi, siku za kazi, asubuhi. Kazi yenyewe ni ya dakika tano.